Koga bafuni: Usikimbilie rangi, tafuta maji yanakotoka

INUA macho utazame pembe ya dari iliyo juu ya shawa yako. Kisha tazama nyuma ya mlango wa bafu, chini ya sinki, na kwenye mistari ya saruji nyeupe iliyo kati ya vigae. Ikiwa unaishi Mombasa, Kilifi, Malindi ama Lamu, huenda huna haja hata ya kuinuka kitini. Unajua yapo. Madoadoa meusi yalikuwepo mwaka jana, yakasuguliwa, yakarudi. Mwezi wa Desemba yakapakwa rangi nyeupe ili wageni wa sikukuu wasiyaone, na kufikia mwezi wa Mei yalikuwa yakichungulia tena kupitia rangi ile ile.

Wengi wetu hulichukulia jambo hili kuwa ni la usafi tu. Mwenye nyumba humlaumu mpangaji kwamba ni mvivu wa kusugua, naye mume humlaumu mke. Kusema kweli lawama hizo aghalabu hazina msingi. Koga huota hata katika bafu linalosuguliwa kila siku, na pengine huota zaidi humo, kwa sababu kusugua kwenyewe ni kumwaga maji.

Kuna mambo mawili, msomaji, ambayo yafaa uyajue kabla ya kutumia shilingi nyingine. La kwanza ni kwamba koga ni kiumbe hai, na kinaweza kumdhuru mtu mwenye kifua dhaifu. La pili ni kwamba hakuna dawa wala rangi itakayoiondoa nyumbani mwako maadamu maji yanayoilisha bado yapo. Hili la pili ndilo linalowala watu pesa.

Watu wa Pwani huiita koga, wengine husema ukungu, na katika vitabu vya sayansi utaikuta ikiitwa kuvu. Ni jamaa ya uyoga, na jamaa ya ile inayoota juu ya mkate uliosahauliwa kabatini. Hutandaza nyuzi nyembamba mno ndani ya kitu inachokila, kisha hutoa vijimbegu visivyoonekana kwa macho ambavyo hupeperuka hewani. Vijimbegu hivyo viko kila mahali, ndani na nje, na hakuna nyumba duniani isiyo navyo. Vikitua mahali pakavu hukaa tu. Vikitua penye majimaji humea, na juu ya kitu kama ubao wa dari uliolowa, siku moja au mbili zinatosha kuanza.

Chakula nacho kimejaa tele bafuni: mabaki ya sabuni, mafuta ya mwili, ngozi inayobanduka tunapojisugua, vumbi, rangi ya ukutani, na karatasi inayofunika ubao wa jasi. Joto letu linaipendeza. Kitu kimoja tu ndicho unachoweza kuinyima, nacho ni maji.

Hapo ndipo watu wa Pwani wana kibarua. Wataalamu wa Marekani hushauri kwamba unyevu wa hewa ndani ya nyumba uwe chini ya asilimia 60. Mombasa hewa ya nje yenyewe hupita kiwango hicho karibu mwaka mzima, na mwezi wa Mei, ambao kwa kawaida ndio wenye mvua nyingi zaidi, pepo za kusi zikivuma kutoka baharini, taulo iliyoanikwa chumbani jioni huamka ikiwa mbichi. Ushauri wa Marekani, ukiuchukua jinsi ulivyo, hauna maana kwa mtu asiye na mtambo wa kupoza hewa na pesa za kulipia umeme wake. Huwezi kuikausha hewa ya Mombasa. Unachoweza kukausha ni ukuta wako, sakafu yako na pazia lako la bafu, na unaweza kuifanya hewa isisimame. Kwa bahati njema, hayo yanatosha kuleta tofauti kubwa.

Msomaji wa Nairobi, Limuru au Nyahururu asidhani kwamba haya hayamhusu. Kati ya Juni na Agosti kuta huwa baridi, watu huoga maji ya moto ya shawa ya umeme, na dirisha hufungwa kabisa kwa kuogopa kijibaridi. Mvuke ukigusa ukuta baridi hugeuka matone, kama vile chupa ya soda inavyotoka jasho ikitolewa kwenye friji. Pwani, ambako wengi huoga maji baridi, shida ni maji yanayomwagika na kukosa kukauka. Bara, shida ni mvuke.

Kuna jambo jingine la kutenganishwa mapema. Wakenya wanapolisikia neno kuvu hukumbuka mahindi, na wana sababu. Mnamo 2004 sumukuvu katika mahindi iliwafanya watu 317 kuugua na 125 kati yao wakafariki, hasa katika wilaya za Makueni na Kitui za wakati huo. Lakini sumu ile huingia kwa kuliwa. Kuvu ya bafuni haiingii tumboni. Huingia kwa pua, na madhara yake huonekana kifuani.

KIFUANI

Ukivuta hewa yenye vijimbegu vingi na vipande vya nyuzi za kuvu, mwili wako huenda usijali hata kidogo. Watu wengi wako hivyo. Wengine mwili wao huvichukulia kama adui. Pua huziba au kutiririka, macho huwasha na kutoa machozi, koo hukereketa, na kikohozi kikavu huanza, hasa usiku na alfajiri. Kwa mtu mwenye pumu, mirija ya hewa hukaza, kifua hupiga mluzi na pumzi hukatika.

Mnamo 2009 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo mzima kuhusu unyevu na kuvu majumbani. Baada ya kupitia utafiti wa nchi nyingi, liliamua kwamba wakazi wa nyumba zenye unyevu au kuvu wamo katika hatari zaidi ya kukohoa, ya kuambukizwa magonjwa ya njia ya hewa, na ya kuzidiwa na pumu. Shirika hilo halikuweka kipimo cha kuvu kinachoweza kuitwa salama, kwa kuwa ushahidi haukuruhusu. Shauri lake lilikuwa fupi: zuia unyevu, na kuvu iliyokwisha kuota iondolewe.

Utajuaje kwamba kikohozi cha mtoto wako kinatokana na nyumba? Hakuna njia ya kujua kwa hakika kwa kutazama tu, maana moshi wa makaa, vumbi, mende na wadudu wadogo wa godoroni huleta dalili zile zile. Lakini kuna dokezo moja ambalo wazazi hulipita bila kulitambua. Mtoto amekohoa muhula mzima. Shule zinafungwa, anapelekwa mashambani kwa nyanya yake, na baada ya wiki moja kikohozi kimetulia bila dawa. Anarudi mjini, na kabla ya wiki mbili kwisha ameanza tena. Watu husema ni hewa ya mashambani. Huenda ikawa ni hewa ya nyumba yenu. Mweleze daktari mtiririko huo jinsi ulivyo, umtajie na bafu, kwani daktari hawezi kuliona akiwa zahanati.

Usikimbilie duka la dawa kununua antibiotiki. Dawa hizo huua bakteria. Hazina kazi juu ya kuvu wala juu ya mzio. Mtoto aliyemeza dozi tatu kwa mwaka kwa ajili ya kikohozi kinachorudi anahitaji kupimwa pumu, si dozi ya nne.

Wako watu ambao kwao jambo hili ni zito zaidi: watoto wachanga, wazee, wanaotibiwa saratani kwa dawa kali, na wanaoishi na virusi vya Ukimwi ambao kinga yao imeshuka. Kundi jingine husahauliwa sana, nalo ni la watu waliowahi kuugua kifua kikuu wakapona. Kifua kikuu huweza kuacha mapango ndani ya mapafu, na kuvu iitwayo Aspergillus huweza kuingia humo na kufanya makao. Mgonjwa hukohoa, hukonda, pengine hutema damu, na kila mtu hudhani kifua kikuu kimerudi, ilhali makohozi yakipimwa hakionekani. Vijimbegu vya Aspergillus havitoki bafuni pekee, viko hata mchangani na kwenye majani yanayooza, kwa hivyo hakuna anayeweza kuapa kwamba ukuta wako ndio uliokuambukiza. Hata hivyo mtu aliyepona kifua kikuu hana sababu ya kulala karibu na ukuta mweusi, na akianza kutema damu yafaa amtajie daktari uwezekano huo.

Choa na fangasi ya miguuni ni habari nyingine. Wengi huamini kwamba mashilingi kichwani mwa mtoto yametoka kwenye ukuta wa bafu. Sivyo. Hizo ni kuvu za aina nyingine, zinazotoka kwa watu, kwa wanyama au udongoni. Sakafu ya bafu linalotumiwa na ploti nzima inaweza kukuambukiza fangasi ya miguu, na ndiyo sababu ya kuvaa ndara, lakini madoa ya darini hayahusiki.

Pengine pia umesikia habari za “kuvu nyeusi yenye sumu” inayoua watoto. Habari hizo zina asili yake. Mnamo 1993 na 1994 watoto wachanga kadhaa huko Cleveland, Marekani, walitokwa na damu mapafuni, na uchunguzi wa kwanza ukaitaja kuvu nyeusi iitwayo Stachybotrys. Mwaka wa 2000 taasisi ya serikali ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, CDC, iliupitia upya uchunguzi huo na kusema uhusiano haukuthibitishwa. Kuvu nyeusi iliyo juu ya shawa yako huenda ikawa ni aina nyingine kabisa, na rangi haiwezi kukuambia ni ipi. Usilipe mtu yeyote pesa za kuipima. Iwe nyeusi, kijani au kahawia, dawa yake ni moja. Ule utelezi wa rangi ya waridi unaozunguka tundu la maji nao mara nyingi si kuvu. Ni bakteria, na hutoka kwa sabuni na brashi.

YALIYOTOKEA ROCHDALE

Wapo watakaosema tunakuza mambo, kwamba babu zetu waliishi na koga na hawakufa. Kwao nina kisa kimoja, na kimetoka nchi ya baridi.

Desemba 2020 mtoto wa miaka miwili, Awaab Ishak, alifariki katika mji wa Rochdale, Uingereza. Wazazi wake walikuwa wametoka Sudan, na waliishi katika nyumba ndogo ya kupanga ambayo jikoni na bafuni mwake mlikuwa mmejaa kuvu. Baba yake alikuwa ameripoti tangu 2017. Akaambiwa apake rangi juu yake. Alipaka, ikarudi. Mwenye nyumba, ambalo lilikuwa shirika la nyumba za bei nafuu, baadaye lilikiri kwamba lilidhani chanzo ni jinsi familia ile ilivyoishi. Novemba 2022 afisa wa serikali anayechunguza vifo aliamua kwamba mtoto huyo alikufa kwa ugonjwa wa njia ya hewa uliosababishwa na kuishi muda mrefu ndani ya kuvu.

Uingereza ilitunga sheria mwaka wa 2023 iliyobeba jina lake. Tangu Oktoba 2025, mashirika yanayokodisha nyumba za aina hiyo huko England hulazimika kuchunguza malalamiko mazito ya unyevu na kuvu kabla ya siku 10 za kazi kwisha, na hatari ya dharura kushughulikiwa kabla ya saa 24.

Vifo vya namna hiyo ni nadra. Nimekileta kisa hiki kwa sababu ya jibu alilopewa baba yule. Ni jibu ambalo wapangaji wa Tudor, Bamburi au Umoja wamelisikia: “Paka rangi tu.”

FUATA MAJI

Kabla ya kuigusa kuvu, hakikisha kwanza kwamba ni kuvu. Nyumba nyingi za Pwani hutoa unga mweupe ukutani, hasa sehemu ya chini. Huo mara nyingi ni chumvi inayosukumwa nje na maji yanayopanda kutoka ardhini. Dondosha tone la maji juu yake. Chumvi itayeyuka, kuvu haitayeyuka. Kwa doa jeusi, dondosha tone la dawa ya kung'arisha nguo iliyochanganywa na maji. Likififia baada ya dakika moja au mbili, hiyo ni kuvu. Likibaki lilivyo, ni taka za kawaida.

Sasa uliza maji yanatoka wapi. Kuna njia rahisi ambayo haihitaji fundi. Kata kipande cha nailoni ukubwa wa sahani, ukibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne, mahali ambapo pamekauka kwa nje, na usubiri siku nzima. Ukikuta majimaji upande wa nailoni unaotazama ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta, na hapo kuna bomba linalovuja, au bafu la jirani wa juu, au maji ya ardhini. Ukiyakuta upande unaotazama chumba, ni hewa na mvuke wenu wenyewe.

Ikiwa unashuku bomba, funga mifereji yote usiku, uandike nambari za mita, na uzitazame asubuhi kabla ya mtu kunawa uso. Zikiwa zimesonga, maji yamepita mahali. Lakini kama nyumba yako inalishwa na tangi lililo darini, mita haitakuambia kitu mpaka tangi lijae kabisa, kwa sababu maji huwa bado yanaingia humo.

Jambo hili la kutafuta chanzo lina maana kubwa kuliko yote utakayosoma hapa. Ikiwa maji yanatoka ndani ya ukuta, hakuna dirisha utakalofungua likakusaidia, na hakuna rangi, hata ile ghali inayouzwa kwa jina la kuzuia unyevu, itakayokaa. Itafura malengelenge na kubanduka. Fundi wa mabomba ndiye daktari wa ukuta huo. Akishamaliza, ukuta huhitaji kuachwa wiki kadhaa ukauke kabla ya kupakwa chochote, na hapa ndipo watu hukosa subira.

KUISUGUA

Kama eneo lenye kuvu halizidi mita moja mraba hivi, unaweza kulifanyia kazi mwenyewe. Likizidi hapo, au likiwa limeingia ndani ya ubao wa dari, tafuta fundi. Ubao laini uliokwisha kuoza haufuliki, hukatwa ukatupwa.

Mwenye pumu asiifanye kazi hii, wala asiwe ndani ya nyumba inapofanywa. Watoto watoke nje. Vaa glavu za mpira na barakoa inayobana vizuri usoni. Fungua dirisha na ufunge mlango unaoelekea vyumba vingine. Usianze kwa brashi kavu kamwe, maana utakuwa unapanda mbegu nyumba nzima. Lowesha kwanza kwa maji ya sabuni ya unga, uache dakika chache, kisha usugue, ufute kwa tambara, usuuze, na ukaushe. Kwenye vigae na vitu vingine vigumu visivyonyonya maji, sabuni na mikono yenye nguvu hufanya karibu kazi yote.

Na ile dawa ya kung'arisha nguo, ambayo Wakenya huiita Jik hata ikiwa imetengenezwa na kampuni nyingine? Inaua kuvu iliyo juu ya kigae. Ukutani penye plasta au kwenye mbao haifiki ndani ziliko nyuzi. Huiondoa rangi nyeusi tu, ukadhani umeshinda, na baada ya wiki tatu adui amerudi. Ukitaka kuitumia, itumie baada ya sabuni kusuuzwa, kikombe kimoja cha robo lita kwa lita nne za maji, si zaidi. Kuiongeza makali hakusaidii ukuta, bali huunguza koo lako.

Hapa naomba uniskize vizuri. Usiichanganye dawa hiyo na kitu kingine chochote isipokuwa maji. Dawa nyingi za kusafishia choo zina asidi, na ile asidi ya kung'arisha vigae inayouzwa rejareja kwenye chupa za soda zisizo na maandishi ni kali hata zaidi. Zikikutana na Jik hutoa gesi ya klorini, ile ile iliyotumiwa kuua wanajeshi katika vita vya Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915. Siki nayo ni asidi. Dawa zenye amonia pia zikichanganywa na Jik hutoa gesi ya sumu. Bafu ni chumba kidogo, na mtu aliyeinama akisugua sakafu yuko mahali pabaya, kwa kuwa klorini ni nzito kuliko hewa na hutulia chini. Ukisikia macho na koo vikiunguza ghafla, acha ndoo hapo hapo utoke nje, usirudi kuimwaga. Kikohozi kisipotulia, nenda hospitali ukaeleze ulichochanganya.

KUKAUSHA

Ukuta ukishasafishwa, vita huwa ni vya kila siku, lakini ni vya dakika tano.

Mtu wa mwisho kuoga ayasukume maji ya sakafuni na ukutani kwa ule mpira wenye mpini, kisha apanguse vigae. Pazia la bafu livutwe lote, lisiachwe limekunjana, kwa maana mikunjo haikauki. Taulo na matambara yaanikwe nje juani. Nguo zisianikwe bafuni. Kila ndoo ya nguo unayoanika humo ni maji unayorudisha ukutani.

Dirisha libaki wazi. Nimeona mabafu mengi ambayo dirisha lake dogo limezibwa kwa katoni ili mbu wasiingie, ama kwa kuona haya. Weka wavu, au kioo kisichopitisha sura, lakini hewa ipite. Bara, wakati wa baridi, ufunge mlango wa bafu unapooga ili mvuke usitawanyike hadi chumba cha kulala, kisha ufungue dirisha nusu saa. Kama bafu halina dirisha, au dirisha linatazama ukuta wa jengo la jirani lililoinuka mwaka jana, basi feni ya kufyonza hewa inahitajika, nayo itoe hewa nje ya jengo. Mafundi wengine huielekeza juu ya dari. Hiyo ni kuhamisha kuvu kutoka mahali unapoiona hadi mahali usipoiona.

Kisha yapo madramu. Mombasa maji ya mfereji hayana ahadi, na familia nyingi huweka akiba bafuni. Sina ushauri wa kukuondolea hayo. Lakini dramu lisilo na kifuniko huongeza unyevu usiku kucha, na zaidi ya hayo huzaa mbu wa homa ya dengue, ambayo imezuka Mombasa zaidi ya mara moja, ikiwemo 2013 na 2017. Lifunike, na uliinue kidogo kutoka sakafuni ili chini yake pakauke.

Kuhusu rangi, tazama nyumba za kale za Lamu na za Mji wa Kale wa Mombasa. Zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na kupakwa chokaa. Ukuta wa chokaa hupitisha unyevu, ukanywa na kutoa, na chokaa mbichi ni kali kiasi kwamba kuvu hushindwa kuota juu yake. Siku hizi kuta hizo hizo hupigwa plasta ya saruji na rangi ya mafuta. Maji hufungiwa ndani, na ukuta huanza kuoza ukiwa na uso mzuri. Ikiwa una nyumba ya mawe ya zamani, irudishie chokaa. Huchafua nguo ukiiegemea, na huhitaji kupakwa upya mara kwa mara, lakini ni rahisi kuliko rangi inayobanduka kila mwaka.

UKIWA MPANGAJI

Mengi ya haya, utasema, ni kazi ya mwenye nyumba. Ni kweli. Kufuta maji ni juu yako; bomba linalovuja ndani ya ukuta, dari iliyooza na bafu lisilo na tundu la hewa ni juu yake. Msimamizi wa ploti akikwambia, “Mama, hiyo ni baridi tu, itaisha mvua ikiisha,” usibishane naye. Piga picha zenye tarehe, umwandikie mwenye nyumba barua au ujumbe wa simu, ueleze ni lini ilianza na nani anaugua, na ubaki na nakala. Kama kuna karatasi ya daktari kuhusu pumu ya mtoto, itaje.

Asipofanya kitu, Sheria ya Afya ya Umma, Sura 242, inahesabu nyumba iliyo katika hali ya kudhuru afya kuwa kero, na inampa afisa wa afya uwezo wa kumwamuru mwenye nyumba aiondoe kero hiyo. Tangu 2013 maafisa hao wako chini ya serikali za kaunti, na malalamiko hupelekwa katika ofisi ya afya ya umma iliyo karibu nawe. Katiba ya 2010 nayo, katika kifungu cha 43, inataja haki ya kila mtu kupata makao yanayofaa na viwango vya kuridhisha vya usafi. Najua mpangaji huogopa kuambiwa ahame. Ndiyo sababu ni afadhali barua iandikwe na wapangaji wa orofa kadhaa kwa pamoja. Bomba linalovuja kwako kwa kawaida limepitia kwa jirani pia.

Na ukiwa ndio kwanza unatafuta nyumba, nenda ukaitazame siku iliyofuata mvua, wala si siku ya jua kali. Fungua kabati lililo chini ya sinki unuse. Gusa ukuta wa chumba cha kulala unaopakana na bafu. Tazama kama dirisha la bafu linafunguka, na linatazama wapi. Na ikiwa nyumba nzima ina rangi kuukuu isipokuwa dari ya bafu tu, uliza kwa nini.